Aliyekuwa Chini ya Remoki

Tonton Kalenga,

Nimeianza barua hii mara nyingi, hapa jikoni kwangu Ixelles, na kila mara nimeichana kwa sababu nilikuwa naanza kwa kukuuliza hali. Hali gani tena. Basi safari hii sikuulizi kitu. Nakupa habari za huku tu, na wewe utanivumilia nikirukaruka, maana ulishazoea. Ulikuwa ukisema nasimulia kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya sakoshi ya maman: kila kitu kinatoka isipokuwa ufunguo.

Remoki, nyumba yako ya magurudumu, ipo. Naanza na hiyo kwa sababu najua ungeiulizia kabla ya kumuulizia mtu yeyote mwenye damu. Ipo palepale mtaani Forest, kwenye uwanja wa nyuma ya ghala, pua imeelekea ukutani kama ulivyopenda. Wameipaka rangi. Papa Mwamba ndiye aliyechagua, na mwenyekiti wetu wa chama akishachagua unajua hakuna wa kumzuia: rangi ya maziwa yenye mstari mwekundu. Sasa watoto wa mtaa wanakuja kugonga mlango kuuliza kama tunauza aiskrimu. Nyumba ya matanga, Tonton! Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Na Maman Régine alilia. Hiyo ndiyo habari kubwa, na ndiyo iliyonifanya nichane karatasi zote hizo. Utaona ni kitu kidogo, mke kumlilia mume wake. Lakini ulipoondoka hakulia. Hospitalini hakulia, nyumbani hakulia, hata walipomletea koti lako ndani ya mfuko wa plastiki hakulia. Tulianza kumwogopea, na wengine wakaanza kumsema. Nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu trepie yako, ile miguu mitatu ya chuma, iliingia katikati, na mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama ungeliruhusu.

Wiki iliyopita kuna maman mmoja mgeni, ameshuka juzi tu Gare du Midi na masanduku yake, aliniuliza kwa nini watu wa Lubumbashi wa hapa Bruxelles wanaomboleza ndani ya nyumba ya magurudumu. Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tunaweka matanga ndani ya fleti, kuta nyembamba, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na mtu akipandisha kilio tu, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Nikamsimulia ile ya mjane wa Chaussée d'Ixelles, uliyokuwa ukiisimulia kwa sauti ya chini hata pale tulipokuwa peke yetu. Jirani alipanda, akaomba kwa adabu kabisa kwamba sauti ipunguzwe, ana mtoto mchanga. Mjane akamwitikia, akakunja kitambaa, akakitia mdomoni, akaendelea kulia hivyo. Ulisema siku ile ulirudi nyumbani ukashindwa kula.

Wakati huo ulikuwa unamwendeshea lori yule mzee Mflamandi wa bembea na farasi wa kuzunguka. Watu wale wanaishi ndani ya remoki zao, wanahama nazo mji hadi mji. Mzee alipochoka na barabara akakuachia remoki yake ya kulala, ndefu, yenye chumba kilichoinuliwa kule mbele juu ya pua. Mtu mwingine angeifanya mgahawa. Wewe ukaipeleka kwa Papa Mwamba na chama chetu, ukasema hii itakuwa nyumba ya kulilia, tutaiweka mahali ambapo chini yake hakuna jirani.

Na kwa kuwa sisi ni sisi, chumba cha mbele kikawa cha mfiwa. Godoro sakafuni, kitanda nje, mjane katikati, wanawake wote wamemzunguka bega kwa bega kama inavyotakiwa, wanaume nje chini ya turubai. Fundi aliyeitengeneza remoki ile alifikiria kitanda cha watu wawili, baba na mama, basi. Hakuwafikiria maman ishirini wa Katanga wanaoyumba pamoja.

Yule mgeni akauliza, sasa haiyumbi? Nikamchukua mkono, nikampeleka mbele, tukainama. Nikamwonyesha kwamba remoki ikishaachana na lori inasimama kwa magurudumu yake ya nyuma na miguu miwili ya kukunja, lakini pua inabaki hewani, na chini ya pua inaning'inia pini nene ya chuma, ile ambayo lori huishika inapoivuta. Nikamwambia wewe uliiita kitovu. Watu wakijaa mbele, kitovu kinacheza juu na chini, na nyumba nzima inacheza nacho. Halafu nikamwonyesha trepie: miguu mitatu ya chuma, kichwani kikombe cha kumeza kitovu, katikati parafujo nene ya kukipandisha mpaka kibane. Akaishika kama anashika mguu wa mgonjwa. Nikaona haya kidogo, nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Mimi mwenyewe sikujua lolote la mambo hayo mpaka mama alipokufa. Unakumbuka? Nilikaa kule juu na wanawake nikashindwa kupumua, nikashuka, nikaona viatu. Viatu vya mtu mzima vimechomoza chini ya remoki, siku ya matanga ya mama yangu. Nikainama na hasira zangu zote kuuliza ni nani analala huko. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi na ubao mmoja ulikuwa umeanza kuzama. Wewe ulikuwa umeuona kabla mtu yeyote juu hajausikia. Ukasema bila hata kugeuka, "Odette, bon, leta ile mbao." Hukusema pole. Watu wote walikuwa wameshasema pole, nilikuwa nazo mpaka shingoni. Nikaleta ubao. Ukaniambia nishike taa, nikashika, na huko chini nikamlilia mama yangu vizuri, matope magotini, hakuna anayenitazama. Wewe uliendelea na spana yako. Nilipomaliza ukasema, "Alors. Beko banalia kule yulu, shiye tunashikilia huku chini."

Tangu siku ile sikukuacha. Wenzangu kazini, kwenye nyumba ya wazee, walikuwa wananiuliza kwa nini nina grisi chini ya kucha, nikawaambia nina mjomba. Ulinifundisha mbao kwanza, maana lami ya kiangazi inameza chuma na udongo wa Novemba unameza kila kitu. Kabari kwenye magurudumu kabla lori halijaondoka, si baadaye. Miguu ya kukunja. Ndipo trepie, na mnyororo kuzunguka miguu yake mitatu isitawanyike. Halafu parafujo. "Spana ikikatala, wacha. Kiisha ongeza kidogo ya heshima." Mimi heshima yangu ilikuwa nyingi mno. Siku ile nilipokaza mpaka miguu ya kukunja ikaachana na ardhi, ulikaa chini kwa kicheko, ukasema huyu anataka kumpeleka na mfiwa mbinguni.

Na kila mara ulifanya kazi hiyo kabla watu hawajafika. Ndiyo maana wengi hawakujua. Walipanda, wakakaa, wakalia, haikutikisika, wakaenda zao. Walidhani remoki ndivyo zilivyo. Niliwahi kukuambia uwaeleze, wakushukuru japo kidogo, ukanijibu kwamba mtu aliyefiwa ardhi imeshamkimbia chini ya miguu, tusimwongezee. Ulisema hivyo ukipangusa spana kwa shati lako jeupe, Maman Régine akapiga kelele kwa ajili ya shati.

Nyinyi wawili mlikuwa na mambo yenu. Kabla mfiwa hajaletwa, yeye ndiye aliyepanda kwanza. Anatandika mashuka, anafungua dirisha kidogo, anatembea mpaka mbele kabisa, anasimama, anapiga sakafu kwa kisigino. Na wewe huko chini unajibu kwa spana juu ya kitovu. Ko! Basi. Anashuka, unatoka, mnanawa mikono kwenye ndoo moja, hamjaambiana neno. Mimi nilidhani ni kazi tu, kupima kama imekaa. Nilikuwa mshamba wa mambo ya watu waliooana siku nyingi.

Siku uliyokufa alinipigia simu asubuhi, sauti yake kama ya mtu anayetoa taarifa kwamba umeme umekatika. "Odette, tonton yako amekufa. Kuya." Nilikuta kahawa yako mezani, ulikuwa umevaa kiatu kimoja moyo uliposimama, kingine kiko mlangoni. Walikuwa wameshakuchukua hospitali, kama vile bado kuna la kufanya. Yeye alikuwa anaosha vikombe. Nilimkumbatia akaniacha nimkumbatie, halafu akaendelea na vikombe.

Na ikaendelea hivyo. Watu walikuja, akawapa viti. Walilia, akawapa vitambaa. Yaya Bernadette, dada yako mkubwa, hakupata viza, kwa hiyo alikuwa Lubumbashi na sisi huku tumembeba ndani ya simu, mkono kwa mkono, sauti imefunguliwa ili asikie kilio cha ndugu yake. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Halafu mbele ya watu wote simu ikasema, "Minasikia kilio ya benye kuya. Ya muke, minaikosa. Alimufanyia nini ndugu yangu?" Unajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea kwetu. Hayahitaji tiketi wala viza. Kufika jioni yalikuwa yameshafika Anderlecht na Matonge, na wanawake waliokula mezani kwa Maman Régine wakawa wanamtazama usoni kwa kuvizia, kama watu wanaongoja mvua. Nilitaka kuitupa ile simu ndani ya ndoo. Sikuitupa kwa sababu Yaya Bernadette alikulea, na kwa sababu yeye alikuwa analia kweli.

Sasa sikiliza walichofanya, na usikasirike.

Remoki ililetwa na dereva kwenye kiwanja cha matanga, akaishusha, akaondoka na lori lake. Nikaenda kwenye sanduku la chini kuchukua trepie. Nikakuta limefungwa kwa kitambaa cheusi, fundo zuri, na Papa Mwamba amesimama karibu amevaa suti. Akaniambia kwa upole kabisa, "Hapana, Odette. Kintu ya marehemu hatugusake mbele ya kutosha matanga." Nikamwambia, lakini papa, mama atakaa juu ya pua. Akasema miguu ya kukunja inatosha, gari ni la Wazungu, limepimwa. Na wengine wakaitika. Ni kweli ndivyo tulivyokuta. Jembe la marehemu halilimi, cherehani yake haishoni, mpaka matanga yaondolewe. Nisingeweza kubishana kuhusu heshima yako mbele ya sanduku lako. Nikaenda kubeba sufuria.

Basi kwa heshima yako tukakunyima kitu kimoja ambacho ungekipigania. Sijui ni watu gani wengine duniani wangeweza kukosea hivyo, kwa upendo mwingi hivyo.

Wanawake wakapanda. Mimi nilikuwa ndani safari hii, nimekaa karibu na mlango wa chumba cha mbele. Kilio cha kwanza kilipoanza remoki ikashuka kidogo, ikapanda. Kilio kikakolea, ikaanza kuyumba hasa. Vikombe kwenye rafu vikawa vinagongana. Mtu akiingia, tunasogea. Mtu akikohoa, tunajua. Na Maman Régine katikati ya godoro, kitambaa kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo wa dirisha, mwingine umekandamiza sakafu, macho makavu. Nilimwangalia sana mkono ule. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye viungo. Nikaona jambo ambalo simu ya Yaya Bernadette haikuweza kuliona: huyu mama hakuwa anakataa kulia, alikuwa anajishikilia asianguke. Na mtu anayejishikilia kwa nguvu namna ile hana mahali pa kutolea machozi.

Ilikuwa mchana, mvua nyembamba ile ya Novemba. Nyimbo zilipanda, wanawake wakainuka kuitikia, na remoki ikaenda upande mmoja kiasi kwamba chai ya moto ilimwagika pajani kwa mtu akapiga ukelele. Maman Régine akasimama. Wakamshika, wakamwambia mfiwa hatoki, kaa mama, kaa. Akatoa mikono yao mmoja mmoja bila kugombana. Akatoka, miguu mitupu, akashuka ngazi, akatembea kwenye maji mpaka kwenye turubai ya wanaume. Papa Mwamba akainuka na kofia yake mkononi. Wote wakageuka kumtazama, maana hakuna aliyewahi kuona mjane akitoka mwenyewe mchana wa matanga.

Hakupaza sauti. Alisema, "Papa Mwamba, ile chuma bwana yangu alikuwa anaiweka ya bafiwa. Leo mufiwa njo nani?"

Akajibu mwenyewe. "Njo mimi."

Na akarudi ndani.

Tonton, sijawahi kumwona Papa Mwamba mdogo vile. Alisimama kidogo, akavaa kofia, akavua tena. Halafu akaenda kwenye sanduku, akapambana na lile fundo lake zuri, likakataa, akaomba kisu. Akalikata. Akaniita. Nilipotambaa chini na trepie akaniuliza kitu gani kinaanza, nikamwambia mbao, na mwenyekiti wa chama cha watu wa Lubumbashi akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya suti, akanipitishia mbao moja baada ya nyingine. Nimemsamehe hata ile rangi ya aiskrimu.

Chini kulikuwa na harufu yako. Nasema ilivyokuwa. Grisi, na ile tumbaku uliyoiacha ukarudia ukaiacha. Spana ilikuwa mahali pake, mpini umezungushiwa kipande cha lile shati jeupe. Nikakaza mikono. Nikaweka kikombe chini ya kitovu, nikafunga mnyororo, nikazungusha. Nilisikia juu yangu nyumba nzima ikihema, ikishuka, ikipanda, na kila nilipozungusha ikihema kidogo zaidi, mpaka spana ikakataa. Nikaongeza kidogo ya heshima. Kidogo tu, kama ulivyotaka. Na ikatulia. Vikombe vikanyamaza. Wanawake nao wakanyamaza, nadhani kwa mshangao, kwa sababu siku ile ndiyo walijua kwa mara ya kwanza kwamba miaka yote kumbe palikuwa na mtu.

Nilikuwa bado nimelala chali, mvua inachuruzika kwenye ukingo, ndipo nikasikia hatua. Polepole, miguu mitupu, kutoka katikati kuja mbele kabisa. Zikasimama juu ya uso wangu. Na kisigino kikapiga sakafu.

Spana ilikuwa mkononi mwangu na kitovu mbele ya macho yangu, karibu kiasi cha kukigusa kwa pua. Nikafikiri, nikijibu nimekaa mahali pako. Nimejifanya wewe, mbele ya mke wako, na hujazikwa hata. Nikafikiri, nisipojibu, huyu mama atabaki amesimama pale peke yake na kisigino chake, na patakuwa kimya hivi mpaka lini. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Papa Mwamba alikuwa amepiga magoti pembeni, hajui lolote, anashangaa kwa nini natoa machozi na kazi imekwisha. Ningekuuliza wewe. Nilikuuliza, kwa kweli. Sikusikia kitu.

Kisigino kikapiga tena.

Nikajibu. Nikagonga kitovu kwa spana, na mkono wangu ulikuwa mzito, sauti ikatoka ndogo.

Halafu kikaja kilio. Sijui nikuelezeje, mimi ninayefanya kazi na wazee na nimesikia mengi. Hakikuwa cha kuimba wala cha kuitikiwa. Kilipita sakafuni, kikapita kwenye chuma, nikakisikia kwenye meno kabla ya masikio. Alianguka pale aliposimama na remoki haikutikisika. Alijipiga, akajiviringisha, akakuita kwa jina la nyumbani ambalo sitaliandika hapa, na haikutikisika. Nililala chini yake na mikono miwili nimeshika trepie, kana kwamba ilihitaji mikono yangu. Nilishika tu, Tonton. Sikuwa na pengine pa kuiweka mikono.

Mtu alikuwa bado na simu mkononi. Yaya Bernadette alisikia yote. Waliniambia baadaye kwamba alisema tu, "Mumupe maji. Mumufunike. Bibi ya ndugu yangu." Na tangu siku ile kila Jumapili anampigia, wanalia wote, wanaishia kugombana juu ya jinsi ulivyopenda sombe yako, yale majani ya muhogo, na mafuta au bila mafuta.

Tulikuzika hapahapa, kama ulivyotaka. Uliwaambia watoto wa ndugu zako kwamba umeegesha, huondoki tena. Matanga yalipoondolewa Maman Régine alinawa, akavaa kitambaa cha bluu, akaniita jikoni kwake. Nilijua ananiitia nini. Nilikuwa nimekwepa macho yake siku zote zile. Nikaanza kujitetea kabla hajafungua mdomo, kwamba sikutaka kukuiga, kwamba sikujua nifanye nini. Aliniacha nimalize, akinimenyea chungwa.

Kisha akaniambia, "Minajua haikukuwa yeye. Yeye alikuwa anapiga nguvu. Weye ulipiga kama mugonjwa." Akacheka, Tonton, wallahi alicheka. Halafu akasema kwamba hospitalini walimwambia umekufa, na watu wote walimwambia, na simu ilimwambia, na yeye alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo. Lakini ndani alikuwa akingoja. Pale aliposimama juu ya pua akapiga kisigino, alikuwa anauliza. Na jibu liliporudi na mkono mwingine ndipo akajua. "Njo pale alikufa," akasema. "Mbele ya pale nilikuwa naye." Akanipa chungwa, tukala.

Kwa hiyo sijui. Labda niligonga ili nimpe kitu, kumbe nilimnyang'anya. Au labda kuna vitu ambavyo lazima mtu akunyang'anye ndipo ulale, kwa sababu usiku ule alilala mpaka asubuhi. Wewe ungejua. Ungesema "bon," ungepangusa spana, na mimi ningeelewa.

Chama kimenipa ufunguo wa sanduku. Wanaume wawili walinung'unika, Papa Mwamba akawauliza kama wanajua kitu gani kinaanza. Hawakujua. Aliwajibu "mbao" kwa fahari kubwa, mpaka nikainamisha uso kucheka. Sasa anakuja kila mara, na aproni juu ya suti, na ananisahihisha. Kitambaa cheusi nimekiweka ndani ya sanduku. Nakitumia kupangusia grisi, na nadhani hiyo ndiyo heshima unayoielewa.

Maman Régine hajapanda remoki tangu siku ile. Anapika, anatuma vyungu, anatuma mashuka yamepigwa pasi, lakini yeye mwenyewe anabaki nyumbani. Sikumsukuma. Sasa wiki hii tumefiwa tena, mama mmoja wa Forest amempoteza mumewe, na Jumamosi tunamweka kule mbele. Jana Maman Régine akanipigia simu. Akauliza kama mbao za zamani bado ni nzima. Akauliza kama dirisha la mbele linafunguka. Kisha akasema, "Jumamosi nitapanda wa kwanza. Uko chini?"

Nikamwambia niko.

Basi ndiyo hivyo, Tonton. Nakuaga sasa, chai imepoa na kesho nina zamu ya asubuhi. Nakuahidi jambo moja, na hili sitalichana. Jumamosi kisigino chake kikigonga nitajibu papo hapo, kwa nguvu, ili asisimame kule juu akingoja. Haitakuwa kama yako. Anajua, na mimi najua.

Wewe kaa huko chini kama ulivyozoea. Huku juu hakutikisiki.

Wako,
Odette